Kapteni wa Kibanda cha Tandika

Kibanda ninachokitathmini kipo Tandika, wilayani Temeke, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni, na hakina kibao chenye jina. Ukimwambia dereva wa bodaboda pale kituoni akupeleke kwa Kapteni, hatakuuliza swali la pili. Kwa umbo ni kibanda umiza, yaani kibanda cha kutazamia mpira kwa kiingilio, kama vingine vingi vya Dar es Salaam: kuta za mabati na mbao, mabenchi yasiyo na migongo, dishi juu ya paa, na mlangoni kijana mwenye kopo la kuwekea kiingilio, ambacho ni shilingi 500 siku za kawaida na shilingi 1,000 siku wanapocheza watani wa jadi, Simba na Yanga, au inapokuwapo mechi kubwa ya Ulaya. Kinachokitofautisha ni huduma ambayo sijaikuta kwingine jijini. Mwamuzi akipuliza filimbi ya mapumziko, sauti ya runinga huzimwa, kisha mtu mmoja wa makamo anayechechemea mguu wa kulia husimama mbele ya ubao mweusi, akashika maikrofoni, na kwa dakika kumi na mbili akawachambulia watazamaji kipindi cha kwanza walichotoka kukitazama.

Mtu huyo ndiye Kapteni. Aliwahi kuchezea mojawapo ya timu kubwa za nchi hii katika miaka ya tisini, akapendwa, akaumia, akazama katika ulevi uliompotezea nyumba na familia, na sasa ni mwaka wa nne tangu aanze kujipatia riziki kwa sauti yake. Ameniomba nisiandike jina lake wala la timu yake. Nimeliheshimu ombi hilo, na huko mbele nitaeleza kwa nini naliona kuwa sehemu ya ubora wa kazi yake. Nimehudhuria mara kumi na moja katika msimu mmoja, nikilipa kiingilio kama mtu mwingine yeyote, na ni katika mara tatu za mwisho tu ndipo nilipojitambulisha na kuomba mazungumzo naye.

Nianze na uchambuzi wenyewe, kwa kuwa ndio unaomfanya mtu atoke Kinondoni au Ubungo akapite vibanda ishirini vingine hadi afike hapa. Wakati wa kipindi cha kwanza Kapteni hakai. Husimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na ukimfuatilia macho utagundua kwamba mara nyingi hautazami mpira. Huwatazama wachezaji walio mbali nao: beki wa upande wa pili, kiungo mkabaji, mlinda mlango aliyesogea hatua tano mbele ya lango lake. Kila anapoona jambo linalojirudia huchora mstari mdogo wa chaki kwenye nguzo ya mlango, na mistari ikifika minne au mitano, hiyo ndiyo mada yake ya mapumziko. Hana desturi ya kuchambua kila kitu. Huchagua jambo moja tu, akalifungua mpaka mtu aliyekuja kwa ajili ya ushabiki tu naye aelewe.

Jioni yangu ya pili pale, timu moja ya Uingereza ilikuwa ikipitwa mara kwa mara upande wake wa kushoto, na kibanda kizima kilikuwa kikimlaani beki wa upande huo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kapteni alichora ubaoni miduara minne tu: beki, winga aliye mbele yake, kiungo mkabaji, na mshambuliaji aliyekuwa akiwapita. Akaonyesha kwamba winga alikuwa akipoteza mpira na kubaki huko huko mbele akinyoosha mikono kumlalamikia mwamuzi, na kwamba kiungo, kwa kuogopa kuacha katikati wazi, alikuwa akichelewa kufika pembeni kwa hatua tatu au nne, hivyo yule beki alikuwa akikabiliana na watu wawili peke yake katika eneo ambalo hata beki bora duniani asingeweza kulilinda. Hakumtetea beki kwa huruma. Alimtetea kwa hesabu. Kipindi cha pili nilijikuta namfuata yule winga kwa macho badala ya kuufuata mpira, na ninakiri kwamba katika miaka thelathini ya kutazama kandanda sikuwahi kufanya hivyo.

Lugha yake nayo inastahili kutajwa. Wachambuzi wetu wengi wa runinga na redio, ambao baadhi yao ninawaheshimu sana, wamejizoeza kumimina maneno ya Kiingereza katika kila sentensi, kiasi kwamba mama anayeuza vitumbua nje ya kibanda, ambaye anaujua mpira kuliko wengi tunaokaa ndani, hawezi kufuata. Kapteni husema kukaba kwa nafasi, kupandisha mstari wa mabeki, pasi mpenyezo, kuvuta muda, namba sita, namba kumi. Analo pia neno lake mwenyewe ambalo sijalisikia kwingine: mchezaji anayejificha nyuma ya mpinzani ili asipewe mpira wakati timu imebanwa, humwita mdaiwa, kwa kuwa anatembea kama mtu anayemkwepa anayemdai. Siku ya kwanza nilicheka pamoja na wengine. Siku ya nne nilianza kuwaona wadaiwa katika kila mechi.

Hata hivyo, jioni ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa na uchambuzi wa mechi iliyokuwa kwenye skrini. Umeme ulikatika dakika ya ishirini, jenereta likagoma kuwaka, na wakati kijana akihangaika nalo nje, Kapteni alijaza muda kwa kurejea fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023. Wengi wanaikumbuka. Tarehe 28 Mei Yanga waliwakaribisha USM Alger katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakafungwa kwanza, wakapambana, na dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha. Dakika ya 84 Waalgeria wakafunga la pili. Tarehe 3 Juni, kule Algiers, Yanga walishinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani, jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda Algeria kwa sababu ya magoli ya ugenini: wao walifunga mawili ugenini, Yanga moja. Kwa hesabu hiyo, Kapteni alieleza, kombe halikupotea Algiers. Lilipotea ndani ya zile dakika mbili za Dar es Salaam.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliwaomba watu wote, na mle ndani tulikuwa labda themanini, tukae kimya kwa dakika mbili kamili huku akiangalia saa ya simu yake gizani. Tulikaa. Ilikuwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Zilipokwisha, alieleza kwa sauti ya chini kinachomtokea mchezaji katika dakika mbili za namna hiyo baada ya kusawazisha mbele ya uwanja uliojaa: masikio yanaziba kwa kelele, miguu inakuwa myepesi, kila mtu anataka yeye ndiye afunge la ushindi, nahodha anapiga kelele na hakuna anayemsikia, na hakuna hata mmoja anayegeuka kuhesabu wapinzani waliobaki nyuma yake. Alisema hakuwa akimlaumu mchezaji yeyote kwa jina, kwa sababu naye aliwahi kusimama ndani ya dakika mbili za namna hiyo na hakugeuka kuhesabu. Hakusema ni mechi gani. Jenereta liliwaka, mpira ukarejea, na kwa muda fulani hakuna aliyeshangilia chochote.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokilipia. Takwimu za umiliki wa mpira na idadi ya mashuti zimeandikwa kwenye skrini na kila mmoja anaziona. Anachokitoa Kapteni ni habari kutoka ndani ya kichwa cha mchezaji anayekosea, na habari hiyo anayo kwa sababu alikosea sana, uwanjani na nje ya uwanja, akapata muda mrefu wa kuyatafakari makosa yake akiwa hana kitu kingine cha kufanya.

Kisa chake alinisimulia kwa ufupi, na nitakisimulia kwa ufupi ule ule. Alikuwa beki wa kati. Goti la kulia liliumia katika mechi ya ligi, likafungwa bandeji, akachomwa sindano ya kutuliza maumivu, akarudishwa uwanjani baada ya wiki chache, na mara ya pili halikupona tena. Fedha ya usajili ilikuwa imekwisha na mkataba wa kumlinda majeruhi haukuwapo. Jambo moja alilisema ambalo limenikaa moyoni: watu waliokuwa wakimnunulia bia alipokuwa anacheza hawakumkimbia alipoacha kucheza, bali waliendelea kumnunulia bia zile zile, na ilikuwa heri wangemkimbia. Nyumba ya Mbagala iliuzwa. Mkewe alirudi kwao Tanga na watoto. Alibeba mizigo sokoni kwa miaka kadhaa, akaletewa habari za nyumba ya soba, ya kuwasaidia watu kuacha ulevi, iliyopo Bagamoyo, akakaa huko miezi minne, akatoka, akaanguka tena, akarudi. Mara ya pili alipotoka, mwenye kibanda, ambaye zamani alikuwa shabiki wake, alimpa kazi ya kupanga mabenchi na kutia petroli kwenye jenereta. Hakumpa maikrofoni. Maikrofoni ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu spika iliharibika.

Ilikuwa mechi ya watani, kibanda kimejaa hadi mlangoni, picha ipo na sauti haipo. Watu walianza kudai fedha zao. Kapteni alichukua kipaza sauti kidogo cha betri, cha aina ile wanayotumia wauza dawa za panya, akaanza kutangaza mechi. Alitangaza kipindi cha pili chote. Nimezungumza na watu watatu waliokuwapo, na wote wamenithibitishia kwamba spika ilipatikana dakika ya sabini na watazamaji wakakataa iwashwe.

Nilimuuliza alijifunzia wapi, kwa maana kutangaza mpira si sawa na kuujua. Akanirudisha utotoni, kwenye redio ya jirani yao, enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1979 Taifa Stars ilipotoka sare ya 1-1 na Zambia kule Ndola kwa goli la Peter Tino na kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 nchini Nigeria, fainali ambazo hatukuzirudia hadi mwaka 2019. Hakuona hata picha moja ya mechi hiyo, lakini anasema aliiona yote kupitia redio. Baadaye akawa anawafuatilia watangazaji kama wengine wanavyowafuatilia wachezaji, na miongoni mwao alimpenda zaidi marehemu Charles Hillary, aliyetufariki Mei 2025 baada ya kutumikia RTD na vituo kadhaa vya ndani na nje ya nchi. Alichojifunza kwa kusikiliza tu ni utaratibu: kwanza mpira uko wapi uwanjani, kisha ni nani anao, kisha unaelekea upande gani, na kila baada ya muda mfupi kurudia matokeo na dakika, kwa kuwa kila wakati yupo mtu aliyefungulia redio sasa hivi. Mtangazaji anayeanza na jina la mchezaji kabla ya kusema mahali alipo, alinieleza, anamwacha msikilizaji akielea. Tangu aliponiambia hayo, siwezi tena kusikiliza mechi redioni bila kupima.

Si mchezaji wa kwanza duniani kupita njia hiyo, na msomaji anayefuatilia kandanda ya nje atakumbuka mifano. Jimmy Greaves wa Uingereza alifunga magoli 44 katika mechi 57 za timu ya taifa, akaumia katika hatua ya makundi ya Kombe la Dunia la 1966, akaukosa mchezo wa fainali ambamo Geoff Hurst, aliyechukua nafasi yake, alifunga matatu. Aliacha kucheza ligi ya juu mwaka 1971 akiwa na miaka 31 tu, akazama katika pombe, akaiacha mwaka 1978, na katika miaka ya themanini akawa mmoja wa sura zinazopendwa zaidi katika runinga ya nchi yake, akiendesha kipindi cha Jumamosi pamoja na Ian St John hadi mwaka 1992. Walter Casagrande wa Brazili, mshambuliaji aliyecheza Kombe la Dunia la 1986, alipambana na dawa za kulevya kwa miaka mingi akiwa tayari ni mchambuzi wa runinga, na mwisho wa Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi aliwaambia watazamaji hewani, machozi yakimtoka, kwamba amefika akiwa msafi, amekaa akiwa msafi na anarudi nyumbani akiwa msafi. Nilimsimulia Kapteni habari hiyo ya Casagrande. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama baada ya kusema hayo Casagrande aliichambua mechi vizuri.

Swali hilo linaeleza kwa nini hataki jina lake liandikwe. Kabla sijamfahamu, kituo kimoja cha redio cha hapa jijini kilisikia habari zake, kikamwita awe mgeni wa kudumu katika kipindi cha michezo cha asubuhi. Alikwenda kwa wiki tatu. Kila asubuhi alitambulishwa kwa kuanguka kwake: nyota aliyelala mitaroni, nyota aliyeuza nyumba kwa ajili ya chupa. Wasikilizaji walipiga simu kumpa pole na wengine kumcheka, na muda wa kuchambua mechi ukawa dakika nne au tano mwishoni. Fedha aliyoahidiwa haikulipwa yote. Aliacha kwenda, akarudi Tandika. Sina sababu ya kukitaja kituo hicho, kwa kuwa sidhani kilikuwa na nia mbaya. Walidhani walichonunua ni kisa. Lakini naliona kuwa kosa kubwa la kibiashara, achilia mbali la utu, kwa sababu kisa cha mtu aliyeanguka husimuliwa mara moja kikaisha, ilhali jicho linaloona mdaiwa amejificha nyuma ya mpinzani lina kazi kila wiki.

Pale kibandani hali ni tofauti kabisa. Mwenye kibanda hamtambulishi. Husema tu kwamba Kapteni yuko tayari, na vijana wa mbele humwamkia shikamoo kwa pamoja, naye huitikia marahaba kisha akageukia ubao. Nadhani wengi wa vijana hao, waliozaliwa baada ya yeye kuacha mpira, hawajui hata alichezea timu gani. Malipo yake ni shilingi 15,000 kwa kila siku yenye mechi, na siku za watani huongezewa sehemu ya kiingilio. Mwenye kibanda alinieleza kwamba tangu uchambuzi uanze, watu wamekuwa wakibaki ndani wakati wa mapumziko na kununua kahawa na kashata, badala ya kutoka na wengine kutorudi, hivyo kila mmoja ananufaika. Nimefurahi kusikia hesabu hiyo ikielezwa waziwazi, kwa maana huduma inayolipwa kwa hisani hufa hisani inapochoka.

Lipo jambo la kamari, na siwezi kulipita. Hatua chache kutoka kibandani ipo ofisi ya kubashiri matokeo, na siku za Jumamosi vijana huingia wakiwa na mikeka yao ya ubashiri kwenye simu. Kila wiki wapo wanaomfuata Kapteni wampe utabiri, na kila wiki huwakatalia, kwa upole lakini bila kubakiza nafasi ya kubembelezwa. Sababu yake ni kwamba mtu akishaweka fedha yake kwenye mechi haitazami tena mechi, anaitazama fedha yake. Nilimkumbusha Paul Merson, aliyekuwa nyota wa Arsenal, ambaye mwaka 1994 alikiri hadharani uraibu wa pombe, kokeini na kamari, na baadaye akawa mchambuzi wa runinga ya Sky ya Uingereza kwa miaka mingi huku akieleza wazi kwamba kati ya hayo matatu kamari ndiyo iliyomshinda zaidi. Kapteni hakumfahamu kwa habari hizo, bali kwa jinsi alivyokuwa akicheza. Kuna mama mmoja, jirani wa kibanda, aliyeniambia kwamba anamruhusu mwanawe wa kidato cha pili kwenda pale kwa sababu moja tu, kwamba Kapteni hatoi utabiri.

Sasa kasoro, kwa kuwa zipo na nyingine ni kubwa. Joto la ndani, hasa kuanzia Novemba, ni la kutisha. Feni ni mbili, na moja inaelekezwa kwenye projekta badala ya watu. Choo ni kimoja na kipo nyuma ya nyumba ya jirani. Wanawake huja, lakini wachache, na wanaokuja hukaa karibu na mlango. Benchi moja la mbele lililotengwa kwa ajili yao lingesaidia, na nilipomwambia mwenye kibanda aliahidi kulifikiria. Mlango ni mmoja tu kwa watu ambao siku za watani hufikia mia na zaidi, na hili ninaliandika kwa uzito wote: ukuta wa nyuma unapaswa kukatwa mlango wa dharura kabla msimu ujao haujaanza.

Uchambuzi wenyewe nao una upungufu. Kapteni alikuwa beki, na huuona mchezo kwa macho ya beki. Goli likifungwa, hueleza kwanza nani alilala, na mara chache sana hutumia dakika zake kumi na mbili kumsifu aliyefunga. Jioni moja mshambuliaji mmoja alifunga goli ambalo wote tulisimama, mpira wa juu aliougeuza kwa mguu wa kushoto bila kuuacha utue chini, na Kapteni akatueleza kwa kina jinsi beki wa kati alivyokuwa amesimama nyuzi chache vibaya. Alikuwa sahihi, bila shaka, lakini nilitamani mtu wa kuniambia yule mshambuliaji aliwezaje. Pia hushindwa kumaliza kwa wakati. Mapumziko ni dakika kumi na tano, yeye amepewa kumi na mbili, na angalau mara nne nilizokuwapo kipindi cha pili kilianza akiwa bado ubaoni, sauti ya runinga imezimwa na watu wa nyuma wanalalamika. Na mechi za timu aliyoichezea hachambui kabisa. Siku hizo hukaa nje kwenye benchi la muuza kahawa mpaka mpira uishe. Sikumuuliza sababu, lakini anayekuja kwa ajili yake siku hiyo ajue kwamba hatamkuta ubaoni.

Kwa anayetaka kwenda, mechi za ligi ya Uingereza za Jumamosi alasiri ndizo bora zaidi kwa kusikiliza. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba Waingereza wenyewe hawawezi kuzitazama moja kwa moja mechi hizo za saa tisa kwa saa zao, kwa kuwa utaratibu wa muda mrefu unazuia kandanda kuonyeshwa kwenye runinga za huko kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni siku ya Jumamosi ili watu waende viwanjani. Badala yake hukaa nyumbani wakiwatazama wachezaji wa zamani, Merson akiwa mmoja wao kwa muda mrefu, wakiwasimulia mechi ambazo wao wenyewe hawazioni. Tandika unapata vyote viwili, mechi na msimulizi. Mwanzoni mwa msimu mechi hizo huanza saa 11 jioni kwa saa zetu, na kuanzia mwisho wa Oktoba, Waingereza wanaporudisha saa nyuma, huanza saa 12 jioni. Kijana wa mlangoni huandika muda kwa chaki kwenye bati, na huo ndio wa kuaminiwa kuliko ule ulioandikwa kwenye simu yako.

Fika nusu saa kabla. Daladala za Tandika zitakushusha karibu, na mvua ikinyesha ni vyema kuvaa viatu vya kuloana kwa sababu njia ya mwisho hujaa maji. Kaa upande wa kushoto, benchi la tatu au la nne, ambako nguzo haikuzuii kuuona ubao na feni inayofanya kazi hukufikia. Usimuulize habari za nyumba ya Mbagala. Muulize nani alikuwa mdaiwa katika kipindi cha kwanza, naye atakusogeza hadi kwenye nguzo ya mlango akuonyeshe mistari ya chaki, mmoja baada ya mwingine, na dakika ya kila mmoja.